Forodha

Mwezi wa tano, mvua ikishafunga mlango wake huku Katuba
na vumbi jekundu likianza kukaa juu ya majani kama mgeni asiyepiga hodi,
nachukua mkasi wa kazi, ule wa kukatia vitenge
(Mungu anisamehe, na Mama Kabedi asijue),
nakata pilipili zangu mpaka zibaki vijiti.

Papa Mwansa anachungulia juu ya ukuta wa matofali:
"Ng'oa tu. Pilipili ni kitu cha msimu.
Mbegu ni bure, wewe unalea vikongwe."
Simjibu. Ana miaka sabini na miwili,
na baridi ikianza mkewe humfunika mablanketi matatu.

Miche mitatu.
Wa kwanza ni mbuzi, wa manjano, mnene wa shingo,
harufu yake hufika mezani kabla ya bukari.
Wa pili ni kichaa: matunda membamba yaliyoelekea juu,
kana kwamba yanamshtaki mtu huko mbinguni.
Wa tatu haukuwa na jina.
Dereva wa lori alinipa mbegu saba ndani ya karatasi ya sigara
akingoja nimshonee zipu,
baada ya kulala siku nne kwenye foleni ya Kasumbalesa.
Tunda lake ni zambarau likiwa changa, jeusi likikomaa.
Nikauita Forodha:
hapiti mtu hapo bila kuacha kitu.

Watu wa mbali wakisikia Kongo huwaza jasho.
Waje walale hapa mwezi wa saba.
Usiku naingiza makopo jikoni,
hatua mbili kutoka kwenye mbabula;
moja inakausha, tatu joto halifiki.
Maji, kikombe cha chai kwa wiki, basi.
Mzizi uliolowa kwenye baridi huoza kimyakimya, kama deni.
Asubuhi Ngalula anavitoa nje, kwenye ukuta unaotazama kaskazini,
anavipanga mstari, anaviita majina:
"Mama, leo wote wamefika shuleni."

Nilisahau usiku mmoja tu.
Nilikuwa na sare za kwaya, ishirini na mbili, kola nyeupe.
Umeme ulirudi saa nne za usiku ukanikuta na hamu,
nikashona mpaka jogoo.
Kichaa alikuwa nje.
Mweusi kuanzia ncha hadi udongoni.
Nikakwaruza: kahawia.
Nikakwaruza chini zaidi: kahawia.

Sikulia. Niliuvunja vipande,
nikautia kwenye mbabula chini ya sufuria ya maharage,
bila kuona matunda mawili makavu
yaliyojibana kwenye panda ya tawi.

Salaale!
Parseli nzima ilikohoa.
Mpangaji wa chumba cha nyuma alitoka na taulo na sabuni kichwani,
kuku wakahamia kwa watu,
Papa Mwansa akapiga chafya tisa juu ya ukuta (Ngalula alizihesabu),
kisha akasema, machozi yakimtiririka:
"Haya. Huyo hakuwa wa msimu."

Sasa ni mwezi wa tisa, joto limerudi na nzi wake.
Mbuzi umetoa majani, madogo, yamekunjamana
kama noti iliyofichwa kwenye fundo la kitenge.
Forodha bado umesimama, kijivu, mkavu, msumari mtupu.

Jana niliukwaruza kwa ukucha wa gumba,
padogo, karibu na udongo.
Kijani.
Chembamba kama uzi ninaoulowesha kwa ulimi
kabla ya kuutia kwenye sindano.

Sijamwambia mtu.
Nimenawa mikono mara mbili kwa sabuni, mara ya tatu kwa majivu,
na bado, usiku, nilipojifuta jicho,
likachoma.
Ngalula anasema ni majivu.
Mimi nasema Forodha imeshaanza kudai.