Bei ya Mkono wa Pili

Kichwa na mabega, pauni nne.
Ukitaka mkono, ongeza moja.
Ukitaka yote miwili, tukae, tuzungumze.
Ndivyo nilivyomwambia Bwana Eliphalet Thurber
asubuhi ile ya Februari, mjini Newport,
barafu imefunga ndoo yangu ya maji
na mafuta ya kitani yamegoma kukauka.

Akafikiri. Mfanyabiashara hata akifikiri
unasikia mizani ikigonga.
"Mmoja," akasema. "Wa kushoto.
Wa kulia uchomeke ndani ya kizibao."
Mabwana wengi huniagiza hivyo.
Watazamaji hudhani ni adabu.
Ni ubahili.

Koti la mahameli la buluu ni langu.
Hulibeba mji hadi mji, sandukuni, pamoja na kafuri.
Thurber ni bwana wa sita kulivaa.
Kifungo cha tatu kilidondoka zamani, njia ya Providence;
nimekichora mara sita
na kila mara kinang'aa zaidi.
Mgongoni tulilibana kwa pini, maana bwana ni mwembamba.
Tumbo nikampa mwenyewe. Tumbo sitozi.

Siku ya tatu akaja mkewe, Mehitable,
peke yake, theluji mpaka kwenye vifundo vya miguu.
Hakuketi. Akafungua leso juu ya meza yangu,
kati ya makombe ya rangi: shilingi ishirini,
za mayai, za soksi alizofuma usiku.
"Mkono wa kulia," akasema. "Utoe nje."

Una kovu, nikamwambia.
Nilikwisha kuliona alipovua glavu:
ngozi imejikunja kama utando wa maziwa
yaliyochemshwa yakasahauliwa.

"Alikuwa na miaka kumi na tisa," akasema,
"hana hata sufuria moja ya kwake.
Mafuta ya nyangumi yakamwagika.
Nilimbadilishia kitambaa siku arubaini.
Hiyo sura unayoichora ilikuja baadaye, na fedha.
Mimi niliolewa na mkono."

Nikauchora.
Nyekundu kidogo, risasi nyeupe, kijani
unachokiona tu ukikitafuta.
Koti langu, kando yake, likaonekana la kukodi.

Thurber aliutazama mpaka moto ukashuka.
Hakunitukana.
Aliniuliza kama namjua mchoraji mwingine.

Nusu ya deni alilipa kwa fedha, nusu kwa mishumaa.
Mishumaa ililetwa na Quash, mtumwa wake,
ambaye sasa ndiye anayekoroga masufuria yale.
Akautazama mkono wa bwana wake pale turubaini.
Akatazama yake, miwili.
Akaweka kasha chini, polepole, akaondoka.
Yake haijapata kuniulizwa bei.
Sikuitaja na mimi.
Mishumaa ilikuwa mizuri, haikutoa moshi;
niliichorea mabwana wawili zaidi.

Miaka kumi na mmoja ikapita, nikapita tena Newport,
macho yamenipungua, koti limeliwa na nondo.
Thurber alikwisha kuzikwa.
Mjane akanikaribisha chai.
Picha ilikuwa juu ya meko,
tumbo nililompa lipo palepale, kifungo kinang'aa,
na mkono wa kulia umevishwa glavu ya kahawia,
kazi ya mtu wa kuchora vibao vya vilabu:
vidole kama karoti, mfupa hata mmoja.

Lakini karibu na kidole cha shahada
glavu ilikuwa imeanza kubanduka.
Kovu lilichungulia, upana wa punje ya mtama,
bichi kama siku ile.

"Rangi mbovu," nikasema.

"Mbovu sana," akakubali, akinimiminia.
"Kila mwaka inapungua.
Mimi siigusi."

Akanipa kikombe.
Chini ya ukucha wa kidole gumba
alikuwa na kahawia.