Karakana ya Pili

Bi Naigaga alileta kopo la Kimbo
lililotoka ukutani, Barabara ya Iganga, hapa Jinja,
mafundi walipobomoa duka
aliloligawiwa baba mkwe wake mwaka wa sabini na tatu.
Aliyeliacha hakuacha anwani.
Naigaga alitumaini dhahabu.
Ndani: vipande thelathini na saba, kijani kama mkate ulioota ukungu,
vyepesi kuliko vifungo vya koti.
"Wewe unayetazama matumbo ya saa," akasema,
"nitazamie na hivi."

Siku hizi ufundi saa ni betri na mikanda tu.
Nikabana lenzi jichoni, nikafunga kibanda.

Wiki tatu ndani ya mafuta ya zeituni,
kisha mswaki wa mtoto, kisha mwiba wa mchongoma.
Siki, hapana. Chuma, hapana:
ukiukwangua ukijani wote umeukwangua na uso,
unabaki na kidonge cha shaba kisicho na baba.

Kirunda sonara aliniazima mizani.
Gramu mbili na nusu. Gramu mbili kasoro.
Mwanafunzi mmoja akanichapia kurasa za katalogi
zisizo na jalada,
nami nikaanza upya darasa la kwanza:
V husimama penye U,
maneno hubanana kama watu kwenye foleni ya sukari,
na kila mfalme, hata aliyetawala miezi minne,
amejiandikia ushindi.

Kimoja kikubwa kilikuwa na M tu mgongoni.
Siku nne nilimtafuta mwenye jina hilo.
Kumbe ni hesabu: arobaini, kwa Kigiriki,
ya Konstantinopoli, Roma yenyewe ikiwa imekwisha choka.
Nilicheka peke yangu hadi muuza chapati akagonga mlango.

Halafu cha ishirini na mbili.
Mnyama. Shingo imegeukia nyuma.
Fisi? Mbwa wa jirani?
Chini ya tumbo, vijivimbe viwili.
Mafuta tena, mwiba tena, pumzi nimeibana.
Watoto wawili, wananyonya.
Juu yao nyota mbili.

Nabirye wa porini, nikamwita,
maana kwetu mama wa pacha huliacha jina lake la zamani.

Mtoto wa kulia ana kichwa bado, ana mkono.
Wa kushoto amesagika,
kwa vidole gumba vya masoko nisiyoyajua.

Mimi ni Tenywa. Alikuwapo Waiswa.
Kwetu hatusemi pacha amekufa, tunasema ameruka.
Aliruka tukiwa na miaka sita, mwaka wa surua,
na hadi leo nikipewa kitu kimoja
mkono wa pili hubaki umekinga.

Chini ya mstari, herufi tatu: TRS.
Katalogi ikasema: mji wa Trier, karakana ya pili.
Ya pili.
Nikaizima taa, nikakaa.

Alikuja mnunuzi kutoka Kampala, Bwana Lwanyaga, viatu vinang'aa.
"Andika kimeokotwa chanzo cha Nile.
Bei itapanda mara kumi. Nani atabisha, Warumi?"
Nikaandika mbele yake:
*Shaba. Milimita kumi na saba. Mbwa mwitu na pacha.
Kopo, ukutani, Jinja. Kilivyofika: sijui.*
Hilo la mwisho nililikoleza wino.
Akaondoka na chenji yake.

Naigaga aliuliza vinanunua nini.
Zamani, labda mkate na vitunguu.
Sasa, mabati machache, akipatikana mwenye wazimu kama wangu.
Akasonya, akalisogeza kopo.
"Basi chagua kimoja, uwe ndio ujira."
Hata sikuinamisha kichwa kutafuta,
kilikuwa kiganjani tangu alipoingia.

Katalogi inaonya: usiguse uso wa sarafu kwa kidole kitupu,
jasho hula shaba.
Najua.
Kila jioni, kabla ya kufunga,
kidole changu huenda upande wa kushoto.