Boneti Iliyoachwa Wazi

Kizuri chajiuza, walisema wahenga,
ila hawakuwahi kusimama Barabara ya Ngong
saa moja u nusu asubuhi, ndoo mkononi,
wakifuta vumbi la malori ya mchanga
kwenye magari thelathini na mawili
ambayo hayakujiuza jana, wala juzi.

Chukua kitambaa, Mwachofi. Anza na vioo.
Gari lenye kioo kichafu ni bwana harusi
aliyekuja kuposa kabla ya kunawa uso.

Mteja akiingia, usimkimbilie.
Si kuku aliyetoroka.
Mwache azunguke. Mwache apige tairi teke,
wote hupiga teke, hakuna ajuaye kwa nini.
Na yule anayesimama langoni
akijifanya anaongea na simu
huku jicho liko kwenye Probox nyeupe,
huyo amekuja mara ya tatu.
Mpelekee chai. Usimtajie bei.
Muulize nani atakaa kiti cha nyuma.
Hapo atakwambia habari za mama mwenye goti bovu,
za mapacha, za magunia ya viazi kutoka Njabini,
nawe utajua gari lake ni lipi
kabla yeye hajajua.

Hizo ni mbinu. Wiki moja utakuwa umezimaliza.
Sasa kaa juu ya hilo tairi
nikueleze habari ya nesi Kerubo.

Nilimuuzia gari la rangi ya fedha
mwaka ule wa mvua nyingi.
Mita ilisoma kilomita elfu sitini.
Ilisoma hivyo tangu Jumanne.
Jumatatu ilikuwa laki moja na tisini.
Alihesabu pesa zake mara mbili,
pesa za zamu za usiku, zenye harufu ya dawa,
akanishika mkono, akaniombea.
Nikasema amina.

Giaboksi ilikufa kabla ya Krismasi.

Nilimngoja aje na polisi.
Nilimngoja aje na kaka zake.
Alikuja na kamba.
Gari lilivutwa na pikapu ya jirani
likaegeshwa nje ya lango, kando ya barabara,
mahali ambapo ardhi si yetu.
Akafungua boneti.
Akaketi kwenye kiti cha plastiki, akafuma sweta.
Aliyeuliza, alimwonyesha injini
kwa ncha ya sindano ya kufumia,
kama daktari anavyoonyesha picha ya mapafu,
na hakuongeza neno.

Jumamosi nne, Mwachofi!
Tulipandisha bendera. Tulifunga maputo.
Spika ilitangaza bei mpaka ikakohoa.
Watu walifika hadi kwenye boneti ile
wakageuka.

Jumamosi ya tano nilikuja na fundi Oduol
na giaboksi niliyoilipia miezi saba
kutoka kamisheni yangu, bosi asijue.
Oduol alilala chini ya gari hadi saa kumi.
Kerubo hakunitazama. Alihesabu vitanzi vya sweta.
Kisha akawasha gari, akasikiliza,
akashuka,
akashika boneti kwa mikono miwili
akaifunga.

Sijui kama alinisamehe. Sikuuliza.
Lakini mwezi wa tatu aliingia mwanamke wa wodi yao,
akanipita mimi, akalikagua kila gari,
akarudi akasema: "Nimetumwa kwako.
Eti wewe uongo ulishakugharimu,
huwezi kuumudu tena."
Alinunua. Akamleta shemeji yake.
Shemeji akaleta chama chao kizima cha akiba,
watu kumi na mmoja, na kila mmoja
alifungua boneti kwanza.

Ndiyo maana zangu zote ziko wazi asubuhi.
Mvua ikinyesha ninafunga, ikikatika ninafungua.
Bosi anasema yadi inafanana na kliniki ya meno.

Tazama, yule wa langoni amekata simu
ambayo haikuwa na mtu.
Nenda. Polepole, weka kitambaa begani.
Hiyo Probox inavuja mafuta kidogo, upande wa kushoto.
Anza na hapo.