Sabuni Chini ya Chubwi

Petroli lita kumi, kina sabini pale Kimbe;
mwamba wenyewe uko kina cha pima nane.
Nikiukosa, pesa hairudi.
Ndiyo hesabu yangu, Gelu, mtoto wa dada.
Usinung'unike. Kamata kopo, fua maji ya ngama.

Tulishuka na mto gizani, injini nimeiinua,
upondo ukinyonya tope, maji yakipwa
na magogo yakitoa migongo mmoja mmoja.
Penye gogo la kona ukatupa ndoana.
Nilikuonya: changu mweusi wa mtoni hana mazungumzo.
Akimeza, amebakiza hatua moja afike kwake,
na kwake ni mizizini.
Wewe ukamwachia mbili.
Mshipi ukakupasua kidole gumba,
ndoana ikarudi imenyooka kama sindano.
Ukaitazama muda mrefu. Nikakuacha uitazame.
Mamba mdogo aliyelala topeni
hakuona la ajabu.

Mlangoni mwa mto, mawimbi matatu.
La kwanza tulilipanda, la pili likatupanda sisi,
la tatu silikumbuki,
nilikuwa nimekinga plagi kwa kiganja
nikitema chumvi na maneno usiyopaswa kuyasikia.

Baba alinirithisha mwamba huu kwa mdomo:
paa la kanisa likae juu ya jiwe la ndege,
na upande wa pili, ule mti mrefu uliosimama peke yake
ukae katikati ya pengo la vilima.
Hapo zima. Hapo teremsha.
Volele, hata jina lake hakujua kuliandika,
lakini alijua kuchora mistari miwili
ikutane juu ya maji, pasipo na kitu.

Leo paa lipo. Mti haupo.
Nikafikicha macho, nikalaumu ukungu,
nikalaumu miwani ambayo sijawahi kuinunua.
Michikichi imepanda hadi begani mwa kilima,
yote kimo kimoja, kama wanafunzi
waliopangwa mstarini wakisubiri kuhesabiwa.
Na mstari mmoja si mahali, Gelu.
Mstari mmoja ni njia tu,
unaweza kuufuata mpaka petroli ikuishie.

Ukasema turudi.
Nikatoa sabuni ya kufulia, nikakanda donge
chini ya chubwi la risasi, nikateremsha.
Pima ishirini: mchanga mweusi, majivu ya volkeno ya zamani.
Piga kasia.
Pima kumi na saba: mchanga, na kigae cha kombe.
Piga kasia.
Pima ishirini na mbili, tope. Tumepotoka, rudi.
Bega langu likawaka. Piga.
Pima nane, chubwi likagonga,
mgongo wake nikausikia kwenye meno,
na sabuni ikapanda na punje nyeupe za tumbawe
na alama ya kung'atwa.
Kuna mtu huko chini
ameionja sabuni yetu akaitema!
Hapo ndipo ulipocheka, mara ya kwanza tangu alfajiri.

Changu watano. Chewa mmoja mwenye hasira za mjomba wako.
Kolekole aliyeipiga ndoo teke ikaelea mbali.
Kidole chako kimefungwa kitambaa,
ulivuta kwa mkono wa kushoto, na kwa meno.

Kabla ya kung'oa nanga nikaigeukia nchi kavu
nikitafuta chochote kirefu.
Kilikuwepo. Bomba la kiwanda cha mafuta,
moshi wake umeinama kidogo,
limekaa sawasawa juu ya ncha ya mikoko.
Waliokata mti ndio waliolisimamisha.
Sikuwashukuru. Nililipanga tu,
paa kwa jiwe, bomba kwa mikoko.

Ukachukua msumari uandike ubavuni mwa boti.
Nikakushika mkono. Boti huazimwa.
Sema kwa mdomo.
Ukasema, ukakosea jiwe.
Tukakaa palepale, nanga bado chini,
samaki wakianza kukauka magamba,
na petroli ya kurudi tu.
Sema tena.