Kumi na Moja

Kijitabu cha wageni kinataja watu mashuhuri kumi na wawili:
Askofu Gerlach, aliyekata roho akihubiri juu ya subira;
Rinneholt, fundi wa kinanda, kiziwi tangu utotoni;
Nahodha Eilert na mkewe Wendula,
waliochongwa wamelala, wamepeana mgongo,
na kijitabu hakisemi kwa nini.
Wa kumi na mbili: "Hajulikani. Bila shaka tajiri."

Mama anamjua.

Miaka thelathini na minane Leida Ojasoo amepiga magoti
katika Kanisa la Mtakatifu Otmari, hapa Tallinn.
Sugu anazo, si za sala.
Ndoo, magadi, mchanga laini wa ufuko wa Pirita.
Wafu aliishi nao kama majirani wa ukuta mmoja:
Januari, Wendula alipanguswa kwa maji ya uvuguvugu;
kiziwi aligongewa jiwe mara mbili, hodi;
askofu alipata salio la ndoo.

Jioni moja Hillar Pruul, mpiga kinanda,
alimsomea daftari la kale lenye harufu ya panya.
Tideman Kolvenrade, muuza chumvi,
ametoa kengele kubwa, shaba tupu.
Mstari wa chini yake, wino uleule, wiki ileile:
mvulana, miaka kumi na mmoja,
amekatwa mkono wa kulia
kwa konzi moja ya chumvi.
Jina la mvulana hawakuliandika.

Mama hakusema kitu. Alirudi kwenye ndoo.
Tangu siku hiyo Kolvenrade alioshwa kila siku,
hata Krismasi,
mchanga juu ya mchanga, brashi ya waya,
mkono huu ukichoka, ule unapokea.
Nikiwa darasa la pili, T ilikuwa bado msumari.
Nilipoolewa, K ilikuwa kovu.
Alipozaliwa mwanangu, jiwe lilikuwa laini kama ulimi.

Juzi amekuja profesa na taa na karatasi nyembamba,
akalala kifudifudi, akasugua penseli.
Karatasi ikatoka nyeusi, haina neno.
"Bibi, wewe wa siku nyingi hapa. Huyu ni nani?"

"Mimi wa kufagia tu, mwanangu.
Inua kiwiko, umelalia maji."

Juu, kengele ikaanza kupiga.
Mama akaacha tambara,
akahesabu kwa midomo, kama kawaida yake,
mpaka kumi na moja.