Tairi la Akiba

Kilo thelathini na mbili. Nilikupima mwenyewe
kwenye mizani ya iliki, sokoni Muheza.
Mwenye mizani akacheka: "Zao gani hili, Kihiyo?"
Nikamwambia, zao la barabara ya Amani.

Zamani ulining'inia mlango wa nyuma
kama shemeji aliyesema atakaa siku tatu.
Bawaba zikaanza kulia kwenye kila korongo,
mlango ukashuka kidole kimoja, kisha viwili,
na siku ya mvua, kwenye kona ya juu ya Sigi,
chuma kikaachia.
Nikakuona kwenye kioo, umeshageuza kurudi nyumbani,
unabingirika kwa adabu,
unakata kona vizuri kuliko mimi.

Nilikukuta ndani ya magimbi ya watu.
Nililipa magimbi.

Sempombe wa kuchomelea alitoa hukumu,
miwani myeusi ameipandisha kwenye paji:
ukikaa juu ya paa, gari litakuwa na kichwa kizito,
na kwenye mteremko kichwa kizito hutangulia;
ukikaa uvunguni, siku ya haja utachimbuliwa kama muhogo;
ukikaa juu ya boneti, dereva ataendesha kwa kuhisi,
"na wewe Kihiyo hata ukiona unaendesha kwa kuhisi."
Lete elfu tisini, nikuungie mkono kwenye fremu,
mlango upumzike.
Idara ikasema andika barua.
Nikaandika barua.

Ndiyo ukaingia ndani.
Kiti cha nyuma, kushoto, umefungwa mkanda,
kando ya sanduku la chanjo.
Nesi Mashavu akageuka: "Huyu mwenzetu hashuki?"
Hashuki. Halipi, hasemi, hatapiki kwenye kona.
Siku moja alikuegemea akalala,
akaamka na alama zako usoni, mistari ya kashata.

Miezi saba sikukuhitaji hata mara moja.
Akiba ikikaa sana
huanza kufanana na ujinga.

Ikaja Jumatano ya Zirai.
Saa kumi jioni, ukungu umeshalala barabarani,
wanaume wanne na machela ya miti na khanga,
juu yake binti wa Shemboza, mtoto amekataa njia.
Mashavu akapapasa, akakunja uso, akasema neno moja: Muheza.
Nikahesabu nafasi. Mgonjwa anyooke,
mama yake ashike kichwa,
Mashavu apige magoti sakafuni.
Nikahesabu tena.
Hesabu ikabaki inakutazama wewe.

Nikakufungua mkanda,
nikakuviringisha hadi barazani kwa Mntangi muuza duka.
"Nitunzie huyu," nilisema.
Si hili. Huyu. Ulimi uliteleza.

Barabara ile haina jiwe dogo
kwa mtu asiye na akiba.
Kila changarawe ilinitaja jina.
Nilisikia matairi manne yakihema, moja moja,
nikaendesha kwa meno, kwa makalio,
na nyuma yangu mama mtu anahesabu kwa Kisambaa,
akifika kumi anaanza upya.
Hakuna kilichopasuka njia nzima
ila chupa ya uzazi, pale Kisiwani,
juu ya kiti chako.

Wa kike. Saa tatu kasoro usiku. Kilo mbili na nusu.
Nilikuwa nje naosha kiti waliponiambia,
nikapiga hesabu ya kipuuzi:
kumi na wawili wa aina yake
hawafiki uzito wako.

Ijumaa nikapanda kukuchukua.
Mntangi alikuwa amekulaza juani,
ametandika kiroba juu yako, ameanika iliki.
Akasema ngoja zikauke.
Nikangoja. Dereva wa serikali, saa mbili nzima,
nimekaa kwenye kreti la soda.

Sasa barua imejibiwa.
Mkono wa Sempombe umefungwa, mlango haulii.
Uko nje na mvua yako, na vumbi lako.
Kiti cha kushoto kiko wazi,
lakini Mashavu mkoba wake anaupakata.
Nami nikikanyaga breki ghafla
mkono huu hukimbilia nyuma kukushika,
unakuta mkanda mtupu,
na harufu ya iliki.