Honi Mara Tatu

Mimi ndiye dereva. Jina langu halimo kwenye tiketi.
Shemeji yangu, Verlinda Bitsuie, ndiye kiongozi wa safari,
ndiye anayeingia nao korongoni, wageni sita na kofia zao.
Mimi nabaki na gari, na kasha la barafu,
na anga.

Siku nne, hifadhi tatu, kilomita elfu moja na mia mbili.
Nimekwisha kuwajua kwa jinsi wanavyofunga mlango:
tarishi mstaafu wa Nebraska anaubamiza,
maharusi wa Lima wanagombea nani aufunge,
dada wawili wa Osaka wanausindikiza kwa viganja
kama watu wanaomlaza mtoto.
Bwana Haldorsen haufungi. Anangoja nimfungie.

Huku Arizona mlango wa korongo ni ufa tu.
Ukipita na gari utadhani ardhi ina magaga.
Ndani, wanasema, kuta zina rangi ya boga lililopasuliwa,
mwanga unashuka kama unga wa chekecheke,
na juu, mara nne ya kimo cha mtu,
gogo limekwama baina ya kuta mbili.
Kila kundi huuliza ni nani aliyelipandisha.
Verlinda huwaacha wabunibuni,
kisha hujibu neno moja: Maji.

Wanasema, nimesema; maana mimi
sijaingia humo tangu nina miaka kumi na mmoja,
na sababu yake si ya wageni.

Saa saba na dakika kumi. Anga juu yangu
safi kama sahani iliyorambwa.
Lakini kusini, nyuma ya mlima uliokatwa kichwa,
kama kilomita hamsini hivi,
wingu dogo lilikuwa limeshusha mguu mmoja,
wa kijivu, mwembamba,
ukagusa chini.

Dalili ya mvua ni mawingu, sawa,
ila huku mvua ya kukuua hainyeshi ulipo.
Inamnyeshea mwingine,
inalowesha kondoo wa mwingine,
kisha inatafuta njia ya kushukia,
na njia ni ileile walimo wageni wangu.

Redio haipenyi mwamba. Nikabonyeza honi.
Moja.
Mbili.
Tatu.

Wakatoka mmoja mmoja, wakipepesa macho,
Verlinda nyuma yao, anahesabu kwa vidole pajani.
Haldorsen kawiva uso kuliko jiwe:
kalipia dakika tisini, kapewa thelathini na tano.
"Mvua iko wapi? Nionyeshe tone. Tone moja!"
Verlinda alikuwa anafuta vumbi kwenye miwani.
"Heri nilaumiwe na walio hai," akasema,
kisha akauliza nani anataka mkate wa bata mzinga.

Tukala. Tukangoja. Halikuja tone.
Dada mdogo wa Osaka akaniletea nusu ya chungwa lake,
hakusema kitu.
Tarishi akatafuna, akatafakari, akasema
miaka thelathini na mmoja amebeba barua mlango kwa mlango,
na mbwa aliyemuuma
hakuwahi kubweka.
Haldorsen alikula ametupa mgongo.

Usiku, uani kwa hoteli, nikafagia gari.
Mchanga mwekundu chini ya kila kiti.
Chini ya kiti cha Haldorsen ulizidi;
yeye ndiye aliyekuwa amefika mbali kuliko wote.

Alfajiri nikienda kujaza mafuta nikapita pale.
Nikasimama. Nikashuka mpaka kwenye ufa, si zaidi.
Nyayo za watu saba walioingia jana, nyayo za saba waliotoka:
hapakuwa na hata moja.
Mchanga ulikuwa umelala kama shuka iliyopigwa pasi.
Nikainama niuguse, nijue kama una unyevu,
nikaurudisha mkono.
Upepo nao hufuta.

Sikumwambia mtu, hata Verlinda.
Saa mbili kamili wakapanda. Nikahesabu: sita, na yeye saba.
Tarishi akabamiza. Dada wakasindikiza.
Bwana Haldorsen akaketi, akatazama mbele, akangoja.

Nikazunguka gari, nikamfungia.